Waya Unaovuja

Sudbury, Januari. Saa mbili usiku, darasa la jioni,
theluji imefika kizingiti cha dirisha.
Bi Desrosiers anaandika mistari minne ubaoni,
anakaa, anafungua chupa yake ya supu.
"Ni hiyo minne tu," anasema. "Iliyobaki ni hesabu."

Mimi Mwanakombo, fundi wa redio za mgodini,
grisi kuchani, zamu yangu saa sita.
Nikanakili.

Wa kwanza: penye chaji, uga hutoka,
kama joto jikoni. Lifunike jiko kwa debe,
kwa chumba, kwa uwanja mzima,
hesabu kinachopenya pande zote:
jumla haibadiliki.

Wa pili mfupi. Ncha ya sumaku haikai ujane.
Nilijaribu utotoni, sumaku ya spika mbovu,
nyundo na patasi, nikitafuta kaskazini tupu.
Nikapata sumaku nane.

Wa tatu: sumaku ikibadilika,
umeme hulizunguka badiliko hilo, ukilipinga.
(Kuna alama ya kutoa hapo. Niliisahau Novemba,
ikanitoa alama mbili.)

Wa nne: mkondo huzungukwa na sumaku.
Lakini hata pasipo mkondo, hata katika ombwe,
umeme ukigeuka tu,
sumaku inaamka.

Hapo nikaweka kalamu chini.
Kwani huyu anamzaa yule, na yule anamzaa huyu.
Fahali wawili hawakai zizi moja, wamesema wahenga;
hawa wanakaa, na zizi lao ni mwendo.
Wakisimama, hawapo.
Na kasi yao? Chukua namba mbili,
moja ya kapasita, moja ya koili,
vitu vya mezani, vya senti chache;
zizidishe, tafuta kipeuo cha pili, gawa moja kwa jibu:
ni kasi ya nuru.
Nani aliiambia koili habari za nyota?

Saa sita nipo kizimbani, nashuka
mita elfu moja na mia mbili.
Lile wimbi lililotoka juani bila kukanyaga kitu
huku halimalizi hatua kumi.
Mwamba wetu una nikeli, unapitisha umeme,
na kila elektroni ndani yake ni afisa wa ushuru.
Wimbi linatozwa, linatozwa,
linaishia kuwa joto, kidogo mno hata la kupasha kiganja.

Ndiyo maana tumetandaza waya unaovuja:
kebo yenye nyufa za makusudi kwenye ganda,
sauti inapita ndani, inachuruzika njiani,
kila mtu akikinga yake.
Duniani juu wangeirudisha dukani.

Februari, tarehe tisa, jabali likashuka njia ya kumi na nne,
kebo ikakatika.
Dakika kumi na moja.

Tuomo Heikkala alikuwa ng'ambo ya kifusi
na redio nzima, betri imejaa, taa ya kijani inawaka,
akiongea.
Na aliongea kwelikweli. Uga ulitoka kwenye antena,
ukamzaa mwenzake, mwenzake akamzaa,
vizazi vichache,
kisha ukoo ukakatika ndani ya jiwe.
Niliujua mlinganyo wa kifo hicho.
Ningeweza kuuandika kwa chaki ukutani pale.
Nikashika koleo. Nikamenya ganda, nikaunga,
vidole vikinikatalia kama vya mtu mwingine.

Mvumo. Mkwaruzo.
Halafu:
"Kombo? Kombo, chai yangu imepoa huku."

Nilishamweleza kombo ni nini kwa lugha yetu,
kwamba amelikata jina langu palipopinda.
Akasema basi ni sawa,
mambo yakienda hivyo, si wewe ndiye unayeitwa?

Alhamisi nilichelewa darasani.
Mistari minne ilikuwa bado ubaoni, imefutwa nusu,
na mtu ameiwekea chupa ya supu kivuli.
Niliisoma yote. Nilianza na ile alama ya kutoa.